Televisheni Tuliyoitazama Bila Sauti

Wewe uliyelelewa kwenye ploti, wakati televisheni ilikuwa na miguu minne na mlango wa kufungwa kwa ufunguo, hebu sogea karibu tukumbushane. Hawa watoto wetu tuwaache kidogo na simu zao, maana hata tukiwaeleza hawatuelewi. Mwambie mtoto wa leo kwamba kulikuwa na stesheni moja tu, na ilikuwa inafunguliwa jioni kama duka, atakuangalia kwa huruma na kukuuliza mlikuwa mmemkosea nani.

Nimekumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita tulienda kununua televisheni mpya ya sebuleni kwangu, hapa Ruiru. Ile ya zamani iliungua siku umeme ulipopotea na kurudi kwa hasira. Watoto walinuna kana kwamba tumefiwa. Lakini mimi sikuwa nawawaza watoto. Nilikuwa namuwaza Baba, mzee wangu, ambaye anaishi nami tangu Mama atutoke, na ambaye alikuwa ameacha kabisa kukaa nasi sebuleni. Nilijiambia moyoni, nikichagua vizuri, Baba atarudi kwenye kiti chake. Hilo tu ndilo nililotaka kutoka kwa hiyo televisheni, mengine yote yalikuwa nyongeza. Ila ili unielewe, lazima nikurudishe Kiganjo kwanza.

Sisi tulikaa Kiganjo, Thika, kwenye chumba kimoja cha ploti, safu ya vyumba kumi vya mabati, choo mwisho wa uwanja na bomba katikati. Wazazi wetu walikuja kutoka Bungoma kabla sijazaliwa, Baba akifuata kazi kwenye kiwanda cha nguo kule Eneo la Viwanda. Chumba chetu kiligawanywa na pazia la maua makubwa mekundu. Mbele ya pazia palikuwa sebule, jikoni, na chumba chetu cha kulala, yote mahali pamoja, kutegemea ni saa ngapi. Nyuma ya pazia palikuwa kitanda cha Baba na Mama, na chini ya kitanda godoro letu likilala mchana. Viti viwili vya mbao vilivaa vitambaa vya krosheti alivyoshona Mama, na ole wako ukiweka magoti ya vumbi juu ya kitambaa.

Na vumbi tulikuwa nalo, jamani! Tukitoka shule tulitupa mikoba mlangoni tukakimbilia uwanjani. Wasichana walichora blada ya kuruka kwa kijiti, wavulana walilala chini kupiga bano, zile gololi, na wote tulikutana kwenye kati, ile ya kukwepa mpira wa makaratasi na nailoni uliofungwa kwa kamba za katani. Upepo ukitoka upande wa viwanda ulileta harufu ya mafuta ya kupikia ikichanganyika na ya rangi za nguo, na hata leo nikipita upande ule harufu ile ikinipata najikuta na miaka tisa. King'ora cha kiwanda kikilia tulijua bila saa kwamba chai iko karibu. Chai yenyewe ililetwa na ngumu, yale mandazi ya Thika yasiyojua kuvunjika, uliyolazimika kuyachovya na kusubiri kwa subira. Mtoto wangu Joy nilimnunulia moja majuzi. Aliigonga mezani, akaniuliza kama ni ya kuliwa ama ni ya kuzuia mlango.

Lakini michezo yetu yote ilikuwa na sheria moja kubwa: mbele ya mlango wetu hakuna kelele. Baba alikuwa zamu ya usiku, miaka yote ninayoikumbuka. Alirudi saa moja asubuhi sisi tukitoka kwenda shule, tukipishana naye mlangoni, nyuzi za pamba zikiwa kwenye nywele zake kama mvi. Alikunywa chai, akaenda kulima kipande chetu kando ya reli, akaoga, na saa saba mchana akaingia nyuma ya pazia. Aliamka saa mbili usiku, akala ugali na sukuma, akatupa mkono na kwenda zake. Kwa hiyo kila jioni, sisi tukiwa macho, Baba alikuwa amelala hatua tatu kutoka tulipo. Mama alitutisha kwa sauti ya chini, kidole hewani: "Mkimwamsha baba yenu, nyinyi ndio mtaenda kusimamia mashine." Nami niliamini. Nilikuwa na picha kamili kichwani ya mimi na dada yangu Nekesa tumesimama juu ya mikebe ili tuifikie mashine.

Kitu kingine cha Baba kilichotuchekesha ni mdomo wake. Kule kiwandani, mitambo ya kufuma ikipiga pamoja, mtu hakusikia hata akipigiwa kelele ndani ya sikio. Basi wafanyakazi walizungumza kwa midomo na mikono, bila sauti kabisa. Mtu alifungua mdomo mpana, akaliumba kila neno polepole, na mwenzake upande wa pili wa ukumbi akalipata. Walipeana habari za nyumbani, walitaniana, hata kumsengenya msimamizi akiwa amesimama katikati yao. Baba alikuja na tabia hiyo mpaka nyumbani. Alisimama mlangoni akaomba maji moto kwa mdomo mtupu, na Mama akamjibu, "Wewe, umefika kwako sasa, washa sauti." Sisi tuliiga. Chakula kikiwa kitamu tulizungumza hivyo mezani tukipanua midomo, mpaka Mama anashindwa kula kwa kucheka.

Basi siku moja Baba akasema tunanunua televisheni. Mpaka siku hiyo mimi na Nekesa tulikuwa watazamaji wa dirishani kwa jirani, tukisimama juu ya mtungi, na jirani akichoka nasi anavuta pazia katikati ya hadithi. Mama alishawahi kutuona tukishushwa pale, na nadhani ndiye aliyemsukuma Baba. Jumamosi tulioga tukavaa nguo za kanisa, tukapakwa mafuta miguuni mpaka inang'aa, tukaenda mjini Thika kuchagua. Niambie, ni nani leo anaoga kwenda kununua televisheni? Leo mtu anainunua akiwa kitandani, kwa kidole gumba.

Mwenye duka alituwashia tatu, moja baada ya nyingine, na kila moja akaipandisha sauti ili tuone uwezo wake. Mama alisikiliza kwa adabu, mkoba mapajani, kisha akasema, "Sasa izime sauti."

"Ati niizime?" mwenye duka akauliza. "Mama, sauti ndiyo uzuri wa hii."

"Sauti tutakuwa nayo Jumapili. Sisi tunataka picha inayojieleza."

Mwenye duka alimtazama Baba, akitumaini mwanamume mwenzake atamwokoa. Baba akamfungulia mdomo mpana bila sauti, akamwambia kitu ambacho sisi wawili tulikiona wazi: "Fanya anavyosema, mzee, utatoka hapa salama." Tulicheka mpaka Mama akatufinya. Tulitazama zote tatu kimya, tukiwa tumekaa kwenye kijibenchi kama walimu wanaosahihisha, na tukachagua ile ndogo kabisa, yenye kabati la mbao, kwa sababu ndani yake ulimwona mtu akikunja uso ukajua amekasirishwa na nini.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kutazama televisheni bila sauti, siku sita kwa juma. Stesheni ikifunguliwa jioni, Mama aliondoa kitambaa cha krosheti juu yake, akafungua kabati kwa ufunguo uliokaa shingoni mwake, akazungusha kile kidude cha sauti mpaka mwisho wa kushoto. Watoto wa ploti waliingia wakiwa wameosha miguu, wakaketi sakafuni, mabega yakigusana. Na Nekesa, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo usiojua kupumzika, akaanza kutupa maneno. Alinong'ona. Kila mtu aliyetokea kwenye kioo alimpa sauti yake. Mabwana wenye suti walizungumza kama mzee wa kanisa letu, akina mama wa kizungu walizozana kwa Kiswahili cha Kiganjo kuhusu zamu ya bomba, na jambazi alikuwa na sauti ya keateka wa ploti, yule mtu wa kukusanya kodi, akidai chake kabla ya tarehe tano. Katuni zilisema Kibukusu cha kwetu Bungoma. Tulikuwa tunacheka tukiwa tumefunga midomo kwa viganja, machozi yanatutoka, na hakuna sauti inayotoka. Umewahi kucheka hivyo? Mwili wote unacheka. Sijacheka hivyo tena tangu nikue, nasema ukweli wangu.

Nekesa akiwa na kikohozi tulikuwa taabani. Jioni moja alikosa sauti kabisa, ikabidi mimi nijaribu, na watoto wakatoka mmoja mmoja kwenda kucheza kati.

Shida ilikuwa shuleni. Mwalimu wetu wa Kiswahili alituambia tusimulie kipindi tunachokipenda. Mimi nikainuka kwa madaha, nikasimulia habari za mwizi mmoja mnene wa koti jeupe anayeingia majumbani mwa watu na kuwachoma sindano walale ili aibe sufuria zao. Darasa zima lilitazamana. Kisha msichana mmoja wa mtaa wa Kamenu, ambaye kwao walikuwa na sauti, akasema, "Mwalimu, huyo si mwizi. Huyo ni daktari." Walinicheka muhula mzima. Niliporudi nyumbani nikilia, Nekesa hakuomba hata msamaha. Alisema daktari hana maana, mwizi ana kazi zaidi.

Na Jumapili, kiwanda kikiwa kimefungwa na Baba yuko macho, Mama aliiwasha sauti. Ungefikiri tungefurahi. Tulihuzunika! Wale watu tuliowajua juma zima walifungua midomo wakatoa Kiingereza chembamba tusichokielewa. Jambazi alikuwa na sauti kama ya mtoto wa kwaya. Mimi nilisema kabisa, "Huyo si yeye." Watoto wa ploti walikaa dakika kumi, wakaaga. Baba peke yake ndiye aliyebaki mbele yake, amekunja mikono, akitutazama sisi zaidi ya alivyotazama kioo, na mara kwa mara akimuuliza Nekesa, "Na wewe leo mbona umenyamaza?"

Miaka imekwenda. Nekesa aliolewa Kamenu, ana wajukuu sasa, na mdomo wake bado haujui kupumzika. Baba alistaafu akiwa na saa ya ukutani na cheti, na masikio yaliyobaki kiwandani. Hayakuondoka siku moja. Kwanza aliacha kusikia ndege, kisha simu, kisha sisi. Hospitalini walimpa kifaa cha kuweka sikioni, lakini kilipiga mluzi, akakifunga kwenye leso na kukiweka kabatini karibu na cheti chake. Sebuleni kwangu watoto walicheka mbele ya televisheni, naye akauliza, "Amesema nini?" Wao wakajibu bila kuinua uso kwenye simu, "Ni hakuna, Guka." Guka ndivyo watoto wa huku wanavyomwita babu, hata sisi wa magharibi tumezoea. Jioni moja aliuliza mara tatu. Mara tatu akajibiwa ni hakuna. Akainuka polepole, akasema, "Wacha nikaangalie kama maji yamekuja," akatoka nyuma ya nyumba kwenye tangi. Haikuwa siku ya maji. Tangu jioni hiyo alikuwa anakaa kule kwenye stuli mpaka wakati wa kula, akichambua maharagwe ambayo yameshachambuliwa. Nilikuwa namwona kupitia dirisha la jikoni na roho inaniuma. Nilimwashiria aje, alinipungia mkono na kutabasamu. Nilinunua hata spika kubwa nikaipandisha sauti mpaka jirani akanitumia ujumbe wa kuomba amani. Baba hakurudi.

Kwa hiyo ile televisheni ilipoungua, niliona kama nafasi. Joy alitaka tuagize kwa simu. Nilikataa. Baba mwenyewe nilipomwandikia kwenye karatasi kwamba tunaenda kununua, alisema televisheni hununuliwa Thika, akaenda kuoga. Alitoka amevaa koti lake la kanisa. Nekesa alitungoja mjini, na tukaingia dukani wanne, mimi, yeye, Baba na Joy.

Duka lenyewe sasa ni ukuta mzima wa vioo, kila kimoja kikubwa kuliko meza ya kulia, na vyote vinapiga kelele kwa pamoja. Dada wa mauzo, kucha ndefu na tabasamu la kazi, alitupokea. "Karibuni! Sasa mum, mnataka inchi ngapi? Hii hapa sauti yake ni kama uko sinema. Sikia hiyo bezi!" Sakafu ikatetemeka. Baba aliweka kiganja juu ya meza ya kioo hicho, akakiondoa haraka, akasema kwa nguvu kama wanavyosema wasiosikia, "Hii ni kama ile mashine namba saba!"

Mimi nikauliza kama kuna inayoandika maneno chini. Dada akatuonyesha. Maandishi yakawa yanapita, Baba akainama kuyasoma midomo ikicheza, akafika nusu, yakabadilika, akaanza tena, yakabadilika. "Nikisoma," akasema, "sioni watu." Joy naye alikuwa ameshapenda kubwa kuliko zote. "Mathe, hii ni moto. Ina kila kitu." Ndiyo, nikawaza, ina kila kitu, na babu yako ataendelea kukaa kwenye tangi.

Hapo Nekesa akamgeukia yule dada. "Zima sauti."

"Ya hii?"

"Zote."

"Zote? Mum, na sauti ndiyo tunauza hapa!"

"Auntie, please, tunaaibika," Joy akanong'ona, akajifunika kofia ya sweta mpaka puani.

Nekesa alinyoosha tu mkono apewe rimoti. Dada wa mauzo akaamua kuzizima mwenyewe moja baada ya nyingine, na duka lile likanyamaza taratibu mpaka ukasikia pikipiki za nje. Sikujua Nekesa ana mpango gani, na nilipomuuliza baadaye alisema hakuwa na mpango, kelele tu zilimchosha. Lakini Baba aliona nyuso zetu zimetulia. Akaweka mikono nyuma, akaanza kutembea mbele ya vile vioo, kimoja kimoja, kama mtu anayekagua mashine zamu ikianza.

Kwenye cha kwanza, cha mpira, hakusimama. Kwenye cha pili kulikuwa na wanawake wawili wazuri wanagombana. Akawatazama kwa muda, akatikisa kichwa. "Hawa siwapati. Mdomo si wa huku." Dada akacheka, akasema ni tamthilia ya nje iliyotiwa Kiswahili. Nekesa akamwelezea Baba hivyo kwa mdomo mpana, naye akajibu, "Basi mdomo haujaambiwa." Akaenda mbele. Karibu na mwisho, kwenye kioo cha kadiri, si kikubwa wala si cha bei, mwanamke wa habari alikuwa anazungumza, uso wake umejaa kioo kizima. Baba alisimama. Midomo yake ikaanza kufuata ya yule mwanamke. Kisha akasema, si kwa nguvu, akijisemea tu, "Mvua itaanza Alhamisi. Murang'a, na huku Kiambu. Watu waingize mahindi ndani."

Dada wa mauzo akawasha maandishi ya chini, na papo hapo ramani ya mvua ikatokea. Ni Alhamisi. Ni Murang'a na Kiambu. "Ngai, Mungu wangu!" akasema, mkono kinywani. "Guka amesikiaje?"

Midomo, nikawaza. Nilikuwa nimeshikwa na aibu. Mtu aliyekaa miaka yote kwenye ukumbi wa mitambo akisoma midomo ya wenzake, nami nilikuwa nimemnunulia spika! Televisheni yangu nilikuwa nimeitundika juu karibu na dari, kwa sababu ndivyo watu wanavyofanya siku hizi, dirisha likiipiga mwanga, na kiti cha Baba kikiwa pembeni anapoona midomo ya watu kwa upande. Na sisi wenyewe tulizungumza naye tukiangalia sinia, au sufuria, au simu. Hakutukimbia kwa sababu ya masikio. Tulikuwa tumemnyima nyuso zetu. Nilinunua ile aliyosimama mbele yake. Joy alisema ni ndogo sana, marafiki watamcheka. Nikamwambia mimi nilishachekwa muhula mzima kwa ajili ya televisheni na bado niko hai.

Tuliiweka chini, juu ya meza, usawa wa macho. Kiti cha Baba tukakileta mbele. Siku ya kwanza alikaa nusu saa, ya pili akakaa mpaka habari zikaisha, akituambia sisi tunaosikia ni nani kati ya wanasiasa anayesema moja huku mdomo wake ukitaka kusema lingine. Si kila neno analipata, usinielewe vibaya. Lakini akikosa haoni haya tena, anauliza, na aliye karibu anamgeukia na kumwambia. Stuli ya kwenye tangi ilinyeshewa na ile mvua ya Alhamisi, hakuna aliyekumbuka kuiingiza ndani.

Jumapili iliyofuata Nekesa alikuja. Tulikuwa tumekaa sote baada ya chakula, televisheni inaonyesha filamu ya zamani yenye farasi, na Nekesa akamgeukia Baba, akamwambia kwa ule mdomo mpana, "Unajua vile tulikuwa tunateseka kunyamaza ili wewe ulale?"

Baba alicheka. "Nani alikuwa analala?"

Tulifikiri hajapata maneno. Nekesa akarudia. Baba akainua mkono amzuie.

"Nimekuona. Nauliza, nani alikuwa analala? Siku ile farasi wa yule mtu alipigwa risasi, huyu mdogo wako akaanza kulia, na wewe ukasema, usilie, amejifanya tu amekufa, anangoja waende, halafu ataamka aende nyumbani kwao Bungoma. Si ulisema hivyo?"

Mimi sikuikumbuka siku hiyo. Nilimwangalia Nekesa, na Nekesa alikuwa ameweka kikombe cha chai chini. "Nilisema," akajibu, bila hata kupanua mdomo.

"Nilikuwa nauma blanketi nisicheke mkanisikia," Baba akasema. "Mngejua niko macho, mngenyamaza."

Nikamshika mkono anigeukie. Nikamuuliza, neno moja moja, kwa nini hakulala, na kazi ilikuwa inamngoja usiku kucha.

Baba alishangaa kwamba ninauliza. "Asubuhi mko shule. Usiku niko kazini. Nyinyi mlikuwa watoto wangu saa ngapi? Ilikuwa ni hiyo tu. Nikilala, ningewasikia lini?" Kisha akarudisha macho kwenye filamu, kwa sababu kwake hilo halikuwa jambo la kuongeza neno.

Nekesa alitoka kwenda kunawa uso. Mimi nilibaki nikiitazama mikono ya Baba juu ya vitambaa vya kiti. Kwenye mitambo ile aliyesinzia alikatwa vidole, tuliwajua majirani wawili waliorudi na mikono iliyofungwa. Miaka yote ile alikwenda kusimama mbele ya chuma bila usingizi, na sisi mlangoni tukimpungia mkono, tukijisifu kwamba leo tumemlaza vizuri. Nilivihesabu vidole vyake. Vilikuwa kumi.

Enzi zetu nyumba nzima ilikuwa chumba kimoja, na mtu aliyechoka kuliko sote alijinyima usingizi ili asikie watoto wake wakinong'ona. Leo nina vyumba vinne, nina watoto wanaoketi nami sebuleni kutwa nzima, na sauti zao sijui mara ya mwisho nilizisikia lini zikifika mwisho wa hadithi. Joy alikuwa kwenye kochi la pili, vidude viwili masikioni, mabega yakitikisika kwa kitu fulani anachokicheka peke yake. Nilimgusa goti. Akakitoa kimoja, akauliza, "Ni nini, mathe?" Nilimwambia avue vyote viwili anisimulie kinachomchekesha, kwa sauti, chote tangu mwanzo, nimsikie nikiwa bado nasikia.